Barua Pepe Zikihama, Fagio Likae Msumarini

Mjukuu wangu Rehema ni karani wa shule moja huko Lindi mjini. Leo kanipigia simu saa za kazi. Mimi napenda anipigie saa za kazi, kwa sababu ndipo majirani wanaposikia naulizwa mambo ya ofisi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Fundi anakuja kesho kutuwekea toleo jipya la ile programu ya barua pepe. Kuna cha kuangalia?"

"Mwambie asije kesho. Aje keshokutwa."

"Kwa nini bibi?"

"Kwa sababu kesho utakuwa unahesabu."

Akacheka. Mimi sikucheka. Baadaye nikaona niyaandike, maana Rehema hayuko peke yake. Nyie mnaoingia ofisini siku hizi vidole vyenu ni vyepesi. Kubonyeza hakujamshinda kijana yeyote. Kinachowashinda ni kukaa na mikono mapajani bila kubonyeza.

Nimesoma mpaka darasa la nne, huko kwetu Kipatimu, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza vizuri. Nimefanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ushirika wa wakulima wa korosho, Kilwa Masoko. Niliingia na fagio nikatoka na kompyuta. Wako waliosoma kunizidi walioingia na kompyuta, na walivyotoka, siwataji.

Basi nianze na fagio.

Karani wetu wa masjala, yaani kile chumba cha majalada, alikuwa Mzee Mbwana, mtu wa Kivinje, mwembamba kama rula yake. Asubuhi moja nilipokuwa nafagia, nikatoa nyuma ya kabati vumbi, maganda ya korosho na karatasi moja iliyokunjika. Nikapeleka vyote nyuma ya ofisi nikatia kiberiti. Ile karatasi ilikuwa barua ya wakulima wa Rutamba wanaomba salfa ya kupulizia mikorosho. Mzee Mbwana aliitafuta siku mbili. Siku hizo mbili mimi nilikuwa namsaidia kutafuta, tena kwa bidii. Salfa ilipofika Rutamba maua yalikuwa yameshakuwa meusi.

Mzee Mbwana hakunigombeza. Alichukua fagio mkononi mwangu, akalitundika kwenye msumari wa nyuma ya mlango, akasema, "Kuanzia leo, kitu kikipotea humu, fagio linakaa msumarini mpaka kipatikane." Akarudi kukaa. Afadhali angenipiga.

Huyo mzee alinifundisha na kuhama. Ofisi ilipotoka Kivinje kuja Masoko, majalada yalipanda lori. Mzee Mbwana aliyahesabu yote, akaandika hesabu kwenye daftari, akatia daftari kwenye koti, akapanda baiskeli. Dereva akamwambia, "Mzee, panda mbele hapa, kuna nafasi." Akajibu, "Orodha haipandi gari moja na majalada." Akapiga pedali mpaka Masoko, jasho linamtoka, na koti hakuvua.

Tulipohesabu Masoko, mawili hayapo. Tukayakuta chini ya dereva. Kiti chake kilikuwa kimetoboka, akaona ayakalie. Bila daftari nani angejua? Na makabati ya zamani, ambayo mkubwa alitaka yavunjwe kuni wiki ileile, Mzee Mbwana aliyakatalia mwezi mzima. "Tukishajua kwamba mapya yanafunga na yanafungua," alisema, "ndipo mtapikia wali."

Sasa njooni kwenye kompyuta.

Ilipofika, Mzee Mbwana alikuwa ameshastaafu. Mafunzo yalikuwa Lindi, siku tatu. Wenye vyeti wote walikuwa mashambani kukagua korosho, nikapelekwa mimi. Nilirudi najua kuwasha, kuzima, kuandika kwa vidole viwili na kutoogopa. Hicho cha mwisho ndicho kikubwa.

Barua pepe niliziendesha kama majalada, maana sikujua njia nyingine. Inapoingia barua, inatua kwenye kikasha cha barua zinazoingia. Mimi naisoma, naichapa kama kuna wino, halafu naitoa kikashani naiweka kwenye folda ya kijiji chake: Pande, Rutamba, Kipatimu, na vingine. Kila siku ikifika saa tisa na nusu kikasha changu ni kitupu, cheupe, kama sahani iliyooshwa. Hao wenye vyeti vikasha vyao vilikuwa vimejaa barua elfu na ushee, harusi na salfa humohumo. Nilikuwa napita nyuma yao nawatazama tu.

Jambo jingine mlijue hapa, maana ndilo lililotaka kutuua. Kuna ofisi ambazo barua zao zinakaa kule kwenye seva, mbali, na kompyuta yako inazichungulia tu. Yetu haikuwa hivyo. Kule tulipewa nafasi ndogo, ikawa inajaa kila mara na barua za watu zinarudi. Fundi mmoja wa zamani akaipanga programu iwe inazishusha zote kwenye mashine yetu na kuzifuta kule. Kwa hiyo barua zetu zote zilikuwa na nyumba moja tu duniani, nayo ilikuwa chini ya meza yangu, karibu na ndoo ya maji.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, Jumatatu asubuhi, akaja Bi Somoe wa Pande. Mjane. Marehemu mumewe alimwachia shamba la mikorosho, na shemeji yake akawa anadai kwamba mpaka unapita katikati ya miti, siyo pembeni. Kesi ilikuwa Alhamisi, mbele ya baraza. Alichokuwa nacho Bi Somoe ni barua ya mpimaji pamoja na ramani, na hiyo ya karatasi mchwa walishaila wakabakiza pini. Mpimaji mwenyewe alishafariki. Ila alipopima, alituma nakala ofisini kwetu kwa barua pepe, kwa kuwa Bi Somoe hana mambo hayo.

"Ipo?" akaniuliza.

Nikafungua folda ya Pande mbele yake. Nikamwonyesha.

"Ndiyo hiyo? Mbona ndogo?"

"Ikichapwa itakuwa kubwa. Leo wino umekwisha, unakuja Jumatano. Njoo Jumatano mchana."

"Mama Masjala, usiniangushe." Ndivyo walivyokuwa wananiita, Mama Masjala.

"Somoe, mimi nimewahi kukuangusha?"

"Hujawahi kunishika."

Akaondoka.

Jumanne asubuhi programu ikagoma. Imezeeka, haikubaliki tena kule kwenye seva, inataka toleo jipya. Akaitwa fundi kutoka Lindi, anaitwa Zuhura, mama wa watoto watatu, anavaa miwani kwenye paji la uso na kuitafuta mezani. Yeye Mmwera wa Rutamba, mimi Mmatumbi, na tulikuwa tunachokozana tangu mlangoni.

"Mmatumbi kapewa kompyuta!" alisema. "Haijaota majani bado?"

"Kaa ufanye kazi, wewe. Nyie mnashuka mjini kufuata taa tu."

Akakaa. Akafungua programu ya zamani. Akaangalia kikasha.

"Mama, kuna barua za kuhamisha? Naona humu hamna kitu."

Sikilizeni nilivyojibu. Nilijinyoosha kwenye kiti nikasema, "Kwangu kikasha hakilali na barua."

"Kwa hiyo niitoe hii ya zamani, niweke mpya, safi kabisa?"

"Toa."

Neno hilo nilisema mimi. Lishikeni, nitalirudia.

Akaitoa. Akaweka mpya. Ikafunguka nzuri, ina rangi ya bluu, ikatukaribisha kwa jina la ofisi. Nikatazama upande wa kushoto, pale zinapokaa folda. Kikasha, kitupu. Zilizotumwa, tupu. Pande hakuna. Rutamba hakuna. Kipatimu, kwetu nilikozaliwa, hakuna.

"Zuhura," nikasema, "vijiji viko wapi?"

"Vijiji gani?"

"Folda zangu."

Akageuka polepole. "Ulikuwa na folda?"

"Nyingi."

"Hukuniambia!"

"Hukuniuliza!"

"Nimekuuliza kama kuna barua, umeniambia hamna!"

"Nimekwambia kikashani hamna!"

Tukatazamana. Tulikuwa watu wazima wawili, na kati yetu shamba la mjane.

Akajaribu kuzishusha tena kutoka kule kwenye seva. Zikashuka mbili, zote matangazo. Nikamweleza kwamba kule zinafutwa. Akashusha miwani machoni, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

Lakini mimi nilikuwa na siri yangu. "Tulia," nikamwambia. "Nina nakala."

Mwaka mzima nilikuwa na flashi nimeifunga kwenye pindo la kanga, kanga nimeifungia kwenye droo, ufunguo wa droo nimeutundika shingoni. Nilinakili mwenyewe. Nilishika ile alama ya programu pale kwenye kioo, ya bahasha ndogo, nikaiburuta mpaka kwenye flashi, ikaingia upesi sana. Nilijisifu kwa huo upesi. Nikafungua fundo mbele ya Zuhura kama natoa mahari.

Akaichomeka. Ndani kuna bahasha moja. Akaibonyeza. Mashine ikajibu kwamba kitu hicho kinachoelekezwa hakipo.

"Mama," Zuhura akasema kwa sauti ya msibani, "hii siyo barua. Hii ni alama ya njia. Umenakili kibao cha barabarani, mji wenyewe hukuuchukua."

Mwaka mzima nimefunga kibao kwenye kanga.

Zuhura alikuwa amechanganyikiwa sasa, na fundi aliyechanganyikiwa mikono inamtangulia. "Labda nifute mashine yote, niipige formati, niirudishe ile ya zamani kama ilivyokuwa..." Kidole kikaanza kwenda.

Sijui nilisimama saa ngapi. Nilijikuta nimechomoa kipanya na nimekishika mkononi, mkia unaning'inia.

"Fagio msumarini," nikasema.

"Nini?"

"Kitu kimepotea humu ndani. Hafagii mtu. Hufuti, huweki, husafishi, hupangi. Ondoa mikono."

"Mama, nipe kipanya."

"Nitakupa ukishaniambia utakibonyeza nini, na kwa nini."

Nikamsimulia habari ya karatasi ya Rutamba, jinsi nilivyoitia kiberiti. Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kumbe ni wewe! Babu yangu alikuwa na mikorosho Rutamba."

"Basi ndiyo ujue nasema kitu ninachokijua."

Nikamwekea chai. Haya ndiyo mnayoyadharau nyie. Chai ile ndiyo iliyotupatia barua, maana mtu akiwa na kikombe mkononi habonyezi kitu. Alikunywa nusu, akatua kikombe.

"Mama, programu ikitolewa, inaondoka yenyewe. Mizigo yake kawaida haichukui. Inaiacha kwenye folda iliyofichwa."

"Imefichwa na nani?"

"Na mashine yenyewe. Ili watu kama wewe wasiiguse."

"Watu kama sisi," nikamsahihisha, na nikampa kipanya.

Akaiamrisha mashine ionyeshe vilivyofichwa. Akaingia folda ndani ya folda, ndani ya folda tena, kama mtu anayevua kanga saba za bibi harusi. Mwisho akafika kwenye mbili zilizokaa jirani. Moja nyepesi, ya leo. Nyingine nzito, ya jana. Ile mpya ilikuwa imejijengea nyumba yake pembeni na kuingia humo, na ile nyumba ya zamani imefungwa tu, na watu wake wamo ndani.

Nikataka kupiga kigelegele. Zuhura akasema bado. Na hapa ndipo nilipomheshimu.

Hakuigusa ile folda ya zamani. Alifunga programu kwanza, kabisa, siyo kuishusha pembeni, kwa sababu ukinakili barua wakati programu iko wazi ni kama kuhamisha jalada huku mtu analiandika. Akachomeka diski ya nje, akanakili folda yote nzima. Akanakili tena kwenye flashi yangu, ile ya kibao. Ilichukua muda mrefu. Nikaelewa kwamba ule upesi wangu wa mwaka jana ulipaswa kuniambia kitu. Mzigo mzito hauingii upesi.

"Sasa tufungue," nikasema.

"Siyo kwenye mashine hii. Tunajaribu nakala kwenye mashine ya mwenyekiti. Ikiharibika, tumeharibu nakala."

Mzee Mbwana angempenda huyu.

Saa za kazi zikaisha. Nikafunga mlango, nikaondoka na ufunguo, na nikaacha tangazo kwenye kompyuta: USIFAGIE. Mfagiaji wetu alidhani ni yeye anayeambiwa. Jumatano nilikuta chumba kina vumbi na amani.

Jumatano asubuhi, kwenye mashine ya mwenyekiti, Zuhura akaweka toleo jipya, akalielekeza liingie kwenye nakala ya nyumba ya zamani. Likakaa likizunguka. Halafu upande wa kushoto vikatokea, kimoja kimoja: Kipatimu. Pande. Rutamba.

"Haya, zimerudi," akasema.

"Hatujui kama zimerudi. Tunajua majina yamerudi." Nikatoa daftari. Kila mwisho wa mwezi nilikuwa naandika kwa kalamu kila folda ina barua ngapi, na daftari hilo silichanganyi na kompyuta, nalala nalo nyumbani. Tukahesabu folda moja moja. Pande ilikuwa sawasawa. Rutamba ilikuwa sawasawa. Kipatimu ilizidi moja, ambayo niliipokea baada ya kuandika.

"Umeridhika?"

"Fungua ya Somoe."

Kwa sababu barua inaweza kuwa na kichwa na isiwe na tumbo. Akaifungua. Maneno yapo. Tarehe ipo. Chini kuna kiambatisho, ile ramani. Akabonyeza. Kioo kikawa cheupe, cheupe, cheupe, halafu ikashuka mistari, kuanzia juu: barabara, kijito, na mpaka, pembeni ya miti. Pembeni.

Zuhura akavua miwani akaifuta. Mimi nilikuwa na vumbi machoni, chumba hakikufagiwa.

Ndipo tukafanya hivyohivyo kwenye mashine yangu. Anwani za watu tukaziangalia peke yake, na pasiwedi nikaiandika upya kwenye karatasi ndani ya bahasha, maana programu mpya huisahau nawe ulishaisahau zamani. Wino ukafika. Bi Somoe akafika. Nikamchapia mbili.

"Nilikwambia ipo," nikamwambia.

"Mbona macho mekundu?"

"Vumbi."

Alhamisi baraza likaangalia ramani, likaangalia tarehe, likamuuliza shemeji yake kama ana karatasi. Shemeji akasema ana kumbukumbu. Shamba likabaki kwa Bi Somoe lote.

Ningeishia hapo ningeonekana shujaa, na kweli ofisini ndivyo walivyonichukulia. Ila Jumatano ile mchana mwenyekiti alituita, akauliza, "Nani aliruhusu programu ya zamani itolewe kabla ya kunakili?"

Zuhura akanitazama. Mimi nikatazama kalenda ukutani. Niliitazama sana hiyo kalenda, nilijua mpaka jina la aliyeichapisha.

"Nilikosea mimi, mwenyekiti," Zuhura akasema. "Nilipaswa kunakili kwanza, hata nikiambiwa hamna kitu."

Mwenyekiti akasema safari nyingine atatafutwa fundi mwingine. Na kweli akatafutwa. Mimi nikasifiwa kwa daftari. Nilipostaafu nikapewa saa ya ukutani na maneno mazuri.

Wiki moja baada ya kesi Bi Somoe alikuja na kuku jogoo, mwekundu, miguu imefungwa. "Wa kompyuta," alisema. Nikampokea. Sikumchinja. Ijumaa nikapanda naye basi mpaka Lindi, ananidonoa njia nzima, nikauliza kwa Fundi Zuhura mpaka nikaonyeshwa.

Akatoka na miwani kwenye paji.

"Mama Masjala! Huyu wa nini?"

"Wa Somoe. Ni wako."

Akamtazama kuku, akanitazama mimi. Hakuniambia niseme chochote. Nami sikusema. Akamchukua, akanikaribisha ndani, tukala wali na samaki, na yule jogoo akaachwa anatembea uani.

Rehema, uliponiuliza cha kuangalia nilikupa yote: ujue kama barua ziko kwako au kwenye seva, uhesabu kwa kalamu, ufunge programu, unakili folda nzima mahali pawili, ujaribu nakala kwenye mashine nyingine, ufungue barua na kiambatisho, ukae na ya zamani mwezi mzima. Moja nilikuficha. Fundi akikuuliza, "Nitoe?", usijibu kwa majivuno. Mimi nilijibu, "Toa." Nilisema mimi, siyo Zuhura.

Na fundi anayekuja kwenu keshokutwa, Rehema, kama amevaa miwani kwenye paji la uso, mpe chai, halafu msomee hapa.